Kupanda mkrismasi Mwanza: kuanzia ganda la mbegu hadi kivuli

Kila Novemba, mikrismasi ya barabarani inapovaa wekundu, watu hubisha hodi kwangu Buhongwa kuomba mche. Kabla sijawapeleka kitaluni nawauliza: kiwanja chako kina ukubwa gani, na nyumba imekaa upande upi? Wapo wanaodhani nawanyima. Miche ninayo tele, ila mti huu nimeupanda, nimeukata na nimeulilia, na karibu kila shida ya mkrismasi mkubwa niliyoiona ilianzia siku ya kuchagua mahali, au ndani ya ile miaka mitatu ya mwanzo ambayo mwenyewe aliuacha ujiotee anavyotaka Mungu. Ni mti unaokua haraka, na kosa ulilolipanda linakua nao kwa kasi ileile.

Kwa hiyo nitakaa sana kwenye mahali na kwenye kupogoa. Mbolea na wadudu nitavipitia juujuu, maana havijawahi kuniharibia mti hata mmoja kwa kiasi ambacho mahali pabaya pameniharibia.

Mti wenyewe ukoje

Mkrismasi, ambao wengine huuita mkakaya, kwao ni Madagaska, kwenye misitu mikavu ya magharibi na kaskazini mwa kisiwa kile. Wataalamu wa mimea wanauita Delonix regia. Umezoea nchi yenye kiangazi kirefu: ardhi ikikauka unapukutisha majani, unabaki na matawi matupu na maganda meusi yanayogongana kwa upepo, mvua zikikaribia unachanua, kisha majani mapya yanafunika kila kitu. Mwanza ratiba hiyo imeuangukia vizuri. Kiangazi chetu cha Juni hadi Septemba kinauvua majani, vuli ya Oktoba hadi Desemba inaukuta kwenye maua, na ndiyo sababu ya jina.

Ua lake ni pana, sentimita 8 hadi 15, lina petali tano: nne nyekundu, na ya tano ina mabaka meupe na ya njano. Ganda hufika sentimita 30 hadi 60, gumu kama mbao. Vijani ni vidogovidogo, vimepangwa mstari kwenye vikonyo kama vya mgunga, na usiku hujikunja. Mti mzima unafika mita 10 hadi 15 kwenda juu, na mwavuli wake mara nyingi unapita urefu huo kwa upana. Kipimo hiki cha upana ndicho kinachosahauliwa. Mche wa sentimita 30 ulioushika mkononi unadai nafasi ya nyumba nzima.

Hatua ya kwanza: tafuta mahali kabla hujatafuta mbegu

Chukua kamba ya mita 10. Mtu mmoja asimame pale mti utakapokaa, mwingine azunguke na ncha ya kamba. Ndani ya duara hilo pasiwepo msingi wa nyumba, shimo la maji taka, bomba la maji, ukuta wa tofali, wala nyaya za umeme juu. Mizizi ya mkrismasi haizami sana. Inatambaa karibu na uso wa ardhi, inanenepa, na mti ukizeeka inainuka kando ya shina kama mabega ya ng'ombe. Ikikutana na zege inalinyanyua. Mzee mmoja mtaani kwetu aliupanda mita 3 kutoka kwenye uzio, na ndani ya miaka minane ukuta ulikuwa umepasuka kutoka chini hadi juu, ufa wa kupitisha kiganja. Alipoukata, mizizi aliichimbua siku nne na vijana wawili.

Ukizungusha kamba ukakuta kiwanja chako ni mita 20 kwa 20 na nyumba imeshakaa katikati, nakushauri kwa moyo mweupe: usiupande. Panda mpera au mchungwa. Mche wa mkrismasi upeleke shuleni, kanisani, msikitini, au kwenye uwanja wa mtaa, baada ya kuzungumza na wenye eneo, na uwe tayari kuumwagilia huko. Kivuli cha shuleni kinakaliwa na watoto wengi kuliko cha uani kwako.

Kuna jambo la paa ambalo wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Huku Mwanza wengi tunakinga maji ya mvua kutoka batini kwenda kwenye tanki. Kijani kimoja cha mkrismasi ni kidogo karibu kama punje ya mchele. Kinapenya kwenye chujio la kawaida, kinajaa kwenye mfereji wa bati, kinaoza, na maji ya tanki yanabadilika rangi. Hata kama mizizi haiwezi kukufikia, mwavuli usiufikie mfereji.

Baada ya kamba, chukua mtaimbo. Jiji letu limekaa juu ya mawe, na mawe yenyewe hayaonekani yote. Piga mtaimbo sehemu tano ndani ya duara la mita 2. Ukigonga jiwe sehemu moja, hilo huenda ni jiwe pweke, mzizi utalizunguka. Ukigonga sehemu zote kwa kina kilekile, chini yako kuna mwamba uliolala, na mti utakuwa umesimama kwenye sahani. Utakua vizuri miaka sita, saba, utakufurahisha, kisha usiku mmoja wa dhoruba utalala na mizizi yake yote hewani. Hamia pengine. Mimi nataka angalau mita moja ya udongo kabla ya kugonga kitu.

Udongo wenyewe hauna makuu. Ule wa kichanga wa vilimani, ambao Wasukuma huuita luseni, unaufaa sana ukiuongezea samadi. Udongo mweusi wa mbugani ndio wa kuogopa, kwa kuwa masika unashika maji na kiangazi unapasuka na kukata mizizi midogo. Chimba shimo la futi mbili, mimina ndoo mbili za maji, urudi kesho yake asubuhi. Maji yakiwa bado yapo, hapo si pa mkrismasi.

Walio karibu na ziwa, kuanzia Luchelele hadi Igombe, walipime hilo mara mbili. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilipanda hadi kiwango ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na miti mingi ya ufukweni ilisimama majini kwa miezi. Mkrismasi hauvumilii miguu yenye maji. Zaidi ya hapo, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni mwa ziwa dhidi ya shughuli za kudumu. Ukanda ule uachie mimea yake, wewe panda juu zaidi.

Mwisho, jua. Mti huu unataka jua la kutwa nzima. Ukiupanda kivulini mwa mwembe utakwenda kulitafuta, utapinda, na hautachanua vizuri.

Hatua ya pili: mbegu

Maganda yanakusanywa Julai hadi Septemba yakiwa makavu na meusi. Chagua mti mzazi kwa macho: shina moja lililonyooka, mwavuli mpana, matawi yasiyovunjikavunjika. Usiokote tu kwa sababu ganda limekuangukia miguuni. Ganda moja lina mbegu nyingi, mara nyingi 20 na zaidi, zimelala kila moja kwenye kichumba chake. Kulipasua kunataka jiwe au nyundo. Watoto wanaipenda kazi hiyo, na maganda mazima waachie wachezee kayamba.

Mbegu ni ngumu kama kokoto, na ukiizika hivyohivyo inaweza kukaa miezi bila kuota kwa sababu maji hayapenyi. Kuna njia mbili za kuifungua.

Ya kwanza ni ya kukwaruza. Shika mbegu moja moja, isugue upande mmoja kwenye msasa au kwenye jiwe la chengachenga mpaka uone rangi ya ndani imeanza kutokeza. Usisugue ile ncha iliyokuwa imeshikana na ganda, kwa kuwa kiini cha mche kiko upande huo. Kisha loweka kwenye maji ya kawaida usiku kucha. Kwa mbegu 10 au 20 hii ndiyo njia ninayoipenda, haikosei.

Ya pili ni ya maji moto, kwa mwenye mbegu nyingi. Chemsha maji, epua, ndipo uzimwagie mbegu zikiwa kwenye bakuli, maji yawe mengi kuzidi mbegu mara tano au zaidi. Ziache humo zipoe nazo hadi asubuhi. Usizichemshe jikoni kama maharage, zikichemka zimekufa.

Asubuhi utaona nyingine zimevimba karibu mara mbili, laini kwa kidole. Hizo ziende kitaluni siku hiyohiyo. Zilizobaki ngumu zirudie.

Kuhusu wakati: mche mzuri wa kupanda vuli unatakiwa uwe na miezi mitatu, kwa hiyo kuatika, yaani kuzika mbegu kitaluni, ni mwishoni mwa Julai au Agosti. Ukichelewa, atika Desemba upande masika ya Machi. Mimi naegemea vuli. Mche uliopandwa Novemba unapata mvua za vuli, unavumilia ukavu mfupi wa Januari na Februari, unapata masika yote, na kiangazi cha Juni kinaukuta tayari una mizizi ya kujitegemea. Wa Machi unapata miezi mitatu tu kabla ya kiangazi, na ndoo utakazobeba utazihesabu mwenyewe.

Hatua ya tatu: kitaluni

Udongo wa kiriba, ule mfuko wa plastiki wa kulelea mche: makoleo mawili ya udongo wa juu, moja la mchanga, moja la samadi ya ng'ombe iliyooza kabisa. Samadi mbichi inaunguza. Kiriba kiwe kirefu, angalau inchi 9, kwa sababu mzizi mkuu unakimbilia chini mapema kuliko shina linavyopanda juu. Kopo la rangi lililotobolewa chini linafaa pia.

Zika mbegu kina cha sentimita 2, ilaze ubavu. Mwagilia kwa kopo lenye matundu. Mbegu iliyofunguliwa vizuri huota ndani ya siku 5 hadi 10, na inatokeza na majani mawili mazito ya kwanza kabla ya yale madogomadogo. Weka kivuli cha nyasi kwa wiki mbili, kisha punguza nyasi kidogo kidogo mpaka miche ikae juani kutwa. Miche inayolelewa kivulini hadi siku ya kupandwa inapigwa butwaa na jua la kiwanjani.

Kinachoua miche kitaluni ni upendo wa maji. Mtu anamwagilia asubuhi, mchana na jioni, shingo ya mche inaoza, inalala. Gusa udongo kwa kidole: ukiwa na ubaridi, acha.

Kila wiki mbili inua kila kiriba uone chini. Mzizi ukiwa umetoboa na kuingia ardhini ukate kwa mkasi na usogeze kiriba. Mche uliozidi miezi sita kwenye kiriba kidogo una mizizi iliyojizungusha kama kamba ya kisima, na mzunguko huo hauji kujifungua ardhini. Mti wa namna hiyo hukua, huonekana mzima, kisha hung'oka na upepo ukiwa na mzizi wake wa mviringo uleule. Usinunue mche mrefu kwenye kiriba kidogo eti kwa sababu umeshakua. Chukua mfupi, mnene chini, wenye majani mabichi.

Hatua ya nne: shimo na siku ya kupanda

Chimba mwezi mmoja kabla ya mvua, kina na upana sentimita 60. Udongo wa juu weka kushoto, wa chini weka kulia. Kwenye ardhi ngumu sururu itafanya kuta za shimo ziwe laini kama chungu. Zichokonoe kwa ncha ya panga ili mizizi ipate pa kupenya. Changanya udongo wa juu na ndoo moja ya samadi iliyooza au mboji, ndio utakaoanza kuingia.

Subiri mvua iloweshe ardhi vizuri, si ile ya kwanza ya vumbi. Panda jioni. Mwagilia mche ukiwa bado kwenye kiriba, kisha kata kiriba kwa wembe kutoka juu hadi chini, toa plastiki yote. Nimewahi kuchimbua mche uliodumaa nikakuta mwenyewe aliupanda na kiriba chake. Shingo ya mche, pale shina linapokutana na mizizi, iwe sawa na uso wa ardhi. Ukiizika shingo itaoza, ukiiacha juu mizizi itakauka. Shindilia kwa mguu bila kuponda.

Kwenye mteremko, na Mwanza nani hana mteremko, inua tuta la nusu duara upande wa chini wa mche, umbali wa hatua moja, likinge maji yanayotiririka. Kwenye tambarare inua kingo ya duara. Kisha tandaza matandazo: pumba za mpunga kutoka mashineni, nyasi kavu, hata gugu maji la ziwani, ila hilo likaushwe juani hadi livunjike mkononi. Matandazo yasiguse shina. Acha nafasi ya kiganja, kwa sababu mchwa hupitia hapo.

Chomeka mambo, yaani kijiti cha kuegemeza mche, upande upepo unakotoka, fungia mche kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, fundo la nane lililolegea. Mche unatakiwa uyumbe kidogo, kuyumba ndiko kunakonenepesha shina. Baada ya mwaka mmoja toa kijiti hicho. Mpira uliosahaulika hukata gome kama waya.

Zungushia miiba. Mbuzi wa Mwanza hawana mwenyewe wakati wa mchana.

Hatua ya tano: maji ya mwaka wa kwanza

Wakati wa mvua acha mvua ifanye kazi. Ikikatika zaidi ya wiki moja, ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki. Kiangazi cha kwanza endelea hivyo mpaka Julai, kisha mara moja kwa wiki. Mwaga polepole, maji yazame. Ndoo iliyomwagwa kwa pupa inakimbilia kwa jirani. Mwaka wa pili ndoo mbili kwa mwezi za kiangazi zinatosha, na kuanzia wa tatu uache.

Kuacha huko kuna sababu. Mkrismasi unaomwagiliwa mwaka mzima unabaki na majani, unarefuka, na maua yanakuwa haba. Ukavu wa kiangazi ni sehemu ya maisha yake. Vilevile usiumwagie urea. Utaupa matawi marefu ya haraka, mateketeke, na mbao yake kwa asili ni dhaifu. Samadi ndoo moja kila mwanzo wa vuli kwa miaka mitatu imetosha.

Agosti ya kwanza itakutisha. Mama mmoja jirani aliniita akiwa na panga mkononi.

"Baba, mti wako ulionipa umekufa. Niukate nipate kuni?"

"Subiri mama, tuukwaruze kwanza."

Tulikwaruza gome kwa ukucha, chini yake pakaonekana kijani na unyevu. Oktoba ulijaa majani. Fanya hivyo kabla ya kukata chochote: kijani na unyevu ni uhai, kahawia na ukavu hadi karibu na ardhi, huo ndio umekufa.

Kwa mchwa, ambao hupenda mche wenye kiu, mimi hunyunyizia majivu kuzunguka shina na kurudia mvua ikiyaosha. Viwavi wakija na wewe ukawa na mche mdogo, waokote kwa mkono. Mti mkubwa hurudisha majani wenyewe.

Hatua ya sita: kuujenga mti kwa msumeno

Hapa ndipo naomba usome polepole.

Mwaka 2012 nilipanda mkrismasi mbele ya nyumba. Ulipofika urefu wa mtu uligawanyika mashina mawili yaliyolingana, ukawa na umbo la manati. Niliona unapendeza, nikauacha. Aprili 2019, kwenye dhoruba ya usiku iliyotoka ziwani, panda ile, yaani pale mashina yalipogawanyika, ilipasuka kuanzia juu hadi karibu na ardhi. Nusu moja iliangukia banda la kuku. Watu walikuwa ndani wamelala, Mungu alitusaidia. Asubuhi nilipotazama ufa niliona kitu nilichopaswa kukijua: katikati ya mashina yale hapakuwa na mbao iliyoungana. Gome la huku lilikuwa limebanana na gome la kule kwa miaka yote ile, bila kushikana.

Tangu hapo naitazama kila panda. Panda iliyo wazi kama bakuli ina nguvu. Panda iliyobanana, nyembamba, yenye mstari mweusi wa gome uliozama katikati, itapasuka siku moja. Ukiiona kwenye mti wa mwaka mmoja au miwili unaiondoa kwa mkasi na kidonda kinafunga ndani ya msimu. Ukiiona kwenye mti wa miaka kumi, unahitaji ngazi, kamba, na maombi.

Mwaka wa kwanza usikate kitu ila shina la pili likitokea. Chagua moja lililonyooka, lingine likate.

Mwaka wa pili na wa tatu, Julai au Agosti mti ukiwa mtupu na mifupa yake inaonekana, simama mbali uuzunguke. Unataka shina moja mpaka urefu wa mita 2 na nusu au 3, ndipo mwavuli uanze, ili mtu apite chini bila kuinama. Ila usikwangue matawi yote ya chini kwa siku moja. Yanalilisha shina na kulinenepesha. Ondoa mawili matatu kila mwaka, kuanzia chini. Mti uliovuliwa wote unabaki na shina jembamba na kichwa kizito, unainama kama mwanzi.

Kisha tazama unene. Tawi lisizidi nusu ya unene wa shina pale lilipoota. Likizidi, linataka kuwa shina la pili. Si lazima ulitoe lote: punguza urefu wake kwa theluthi, ukikatia pale linapotoka tawi dogo la pembeni, litapunguza mwendo na shina litalipita. Matawi makuu yawe manne au matano, yasitoke mahali pamoja kama vijiti vya mwavuli. Yaachane angalau nusu mita kwenda juu na yaelekee pande tofauti.

Namna ya kukata: kwenye kitako cha kila tawi kuna uvimbe kama kola. Kata nje ya kola hiyo, usiikwangue, usiache kisiki. Tawi zito likatwe mara tatu. Kwanza toka chini, nusu mita kutoka shinani, theluthi ya unene. Pili toka juu, mbele kidogo ya pale, tawi lianguke bila kuchuna gome. Tatu kisiki kilichobaki, nje ya kola. Usipake rangi wala oili chafu kwenye kidonda. Mti unajifunga wenyewe, na rangi inafungia unyevu ndani.

Tumia msumeno. Panga linachana.

Na usikubali mtu akate kichwa. Nimeona shule moja ikimlipa fundi aipunguze mikrismasi yake "isianguke", akaikata yote usawa wa mita 3, ikabaki nguzo. Mwaka uliofuata kila nguzo ilitoa fimbo arobaini, zote zimeshikilia ngozi ya juu tu, huku kidonda kikubwa cha katikati kikianza kuoza. Sasa ndiyo imekuwa ya hatari, na maua hakuna. Mti mkubwa unaotisha upunguzwe matawi mazito kwenye ncha zake na mtu anayejua, au ung'olewe kabisa upandwe mwingine mahali pafaapo.

Mti ukishakuwa mkubwa

Mkrismasi wa mbegu unaanza kuchanua miaka minne au mitano, mwingine unangoja hata kumi. Usiuadhibu kwa mbolea. Ukiwa na jua la kutosha na kiangazi chake hukukivuruga, utachanua. Ukishaanza, usiguse ncha za matawi Agosti na Septemba, maua yanatokea huko mwishoni. Kazi ndogo za kusafisha zifanye maua yakishapukutika.

Nyasi chini yake hazitastawi, kwa kivuli na kwa mizizi. Acha ardhi iwe tupu ya kufagiliwa, weka benchi, ila usijenge sakafu ya zege. Usiegeshe gari hapo miezi ya dhoruba. Kila Septemba, kabla ya vuli, tazama juu: tawi kavu litolewe, panda yenye ufa mpya iitiwe mtu. Tazama na chini, ardhi ikiwa imepasuka upande mmoja wa shina au imeinuka, mti unaanza kung'oka, na watoto wasiukaribie mpaka umeangaliwa.

Maganda ya msimu huo usiyachome yote. Weka kando kama kumi ya mti ulio bora, makavu, kwenye gunia lisilofikiwa na panya. Mbegu zinakaa miaka kadhaa bila kuharibika, na mwisho wa Julai unachukua nyundo.